TAHADHARI: Kuna mtu anajidai anatoa majina ya watu CRB (kampuni zinazoweka rekodi za wakopaji). Ni mwizi, ameshanila 13,200

Jamani, someni mpaka mwisho, na mumtumie kila mnayemjua mwenye deni la simu. Naandika mikono ikinitetemeka. Mume wangu mwenyewe nimemwambia jana usiku tu, nilipoona sina tena pa kuficha.

Wenzangu wa chama mnajua ile pesa ya sacco nilikuwa naitakia nini, na mnajua lile deni langu la simu lilitokana na nini, kwa hiyo habari za hospitali sizirudii. Deni nilililipa. Nililipa lote na riba yake, ila kwa kuchelewa. Jina likawa limeshaingia CRB. Sacco wakasema bila cheti cha CRB cha kuonyesha sidaiwi hakuna mkopo, na mwisho wa kupokea makaratasi ni Ijumaa. Kibanda nilichokuwa nakitakia mkopo huo nacho kilikuwa kinangojewa na mtu mwingine mwenye pesa mkononi. Hiyo ndiyo hali aliyonikuta nayo huyo shetani.

Jumanne kama saa nne na nusu asubuhi niko soko la Kongowea, Mombasa, nimeinama nakata kamba za robota la nguo za watoto. Simu ikalia. Truecaller, ile app inayoonyesha jina la anayepiga, ikaonyesha jina la ofisi ya CRB, Nairobi. Nikapokea haraka, nikamwambia mteja asubiri. Sauti ya kiume, ya upole, Kiswahili safi. Akaniita majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nyuma yake nasikia simu nyingine zinalia, mtu anaita "anayefuata", kama ofisini kabisa. Akanisomea: deni la mwaka 2021, shilingi 6,200. Halafu akasema hivi, na maneno haya sitayasahau: "Mama, pole sana. Wewe umeonewa. Ulilipa, lakini waliokukopesha hawakuleta taarifa kwetu."

Mnielewe. Miezi yote hiyo nimezunguka kote na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia nimeonewa. Kila mahali naangaliwa kama mtu asiyelipa madeni. Huyu ndiye wa kwanza kunipa pole. Machozi yalinilengalenga pale pale juu ya robota, na nadhani yeye alisikia kwenye sauti yangu kwamba ameshanipata.

Akaniambia ule mpango wa Benki Kuu wa kuwasafisha watu wenye mikopo ya simu umefunguliwa tena kwa siku chache. Mpango huo haukuwa uongo, ulikuwepo. Ulitangazwa Novemba 2022, watu wakasamehewa nusu ya deni la mikopo midogo ya simu, na jirani yangu alinufaika nao. Lakini ulifungwa tarehe 31 Mei 2023. Tarehe hiyo naijua! Nilimkimbiza ndugu yangu mwenyewe alipe kabla haijafika. Na bado nilipoambiwa "umefunguliwa tena" sikuuliza na nani, wala umetangazwa wapi.

Akataka 1,500 ya kufungua faili. Nikatuma. Jina lililotokea kwenye M-Pesa ni la mwanamke. Nikamuuliza, akajibu bila kusita, "Huyo ni mhasibu wetu." Kisha akasema cheti chenyewe ni 2,200, na hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu 2,200 ndiyo ada halali ya cheti na mimi nilikuwa naijua. Nikasema moyoni, tapeli angetaja elfu tano, elfu kumi. Huyu anataja bei ya kweli. Nikatuma na hiyo.

Akaniambia nisikate simu. "Utaingia ujumbe wenye namba sita, nisomee tuthibitishe ni wewe." Ukaingia. Juu yake kulikuwa na jina la app nisiyoijua, na maneno madogo sikuyasoma kwa kuwa simu ilikuwa sikioni na mteja amesimama mbele yangu ameshika magauni mawili. Nikamsomea namba zote sita, moja baada ya nyingine, polepole, na yeye anazirudia.

Dakika mbili tatu hivi, M-Pesa ikalia. Nimepokea 9,500. Nikashtuka. Akacheka kidogo, akasema, "Usiogope mama, hizo ni pesa za mfumo, zinapitishwa kwako kuona kama laini yako imefunguka. Zirudishe kwa mhasibu ndani ya dakika kumi, zikikaa kwako rekodi itafungwa tena." Wallahi niliogopa kukaa na pesa ya watu. Nimelelewa hivyo, cha mtu hakilali kwangu. Nikazituma zote, na gharama ya kutuma nikatoa mfukoni mwangu. Nikamshukuru. Nikamwombea dua.

Zile 9,500 zilikuwa mkopo. Mkopo kwa jina langu, kwa kitambulisho changu, kutoka app ambayo sijawahi kuifungua maishani. Mimi ndiye ninayedaiwa sasa, na nisipolipa narudi pale pale CRB nilikokuwa natafuta kutoka.

Jumatano akanitumia cheti cha PDF WhatsApp. Muhuri, sahihi, jina langu kwa herufi kubwa. Nikakiprinti, nikakitia kwenye bahasha mpya. Alhamisi nikavaa nikaenda sacco, nikakitoa mbele ya watu. Yule dada wa mikopo akakiangalia, akaingiza namba yake kwenye kompyuta, akaingiza tena. Kisha akainua uso akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hiki nani amekupa?" Kiti cha nyuma yangu alikuwa amekaa mwalimu wa mwanangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Dada huyo, Mungu ambariki, alinikalisha kando akanieleza nusu saa nzima. Kenya kampuni za CRB zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu tu, TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hakuna wakala wa kutoa jina. Anayeweza kurekebisha taarifa ni aliyekukopesha, na kama amekosea wewe unapeleka malalamiko kwa CRB yenyewe na risiti zako. Ripoti yako una haki ya kuiona bure mara moja kwa mwaka. Cheti cha mara ya kwanza kwa sheria ya 2020 ni bure. Bure! Na deni ulilolichelewesha hata ukilipa linabaki kwenye rekodi miaka 5, ila linaonyesha limelipwa, kwa hiyo anayekuahidi atalifuta leo anakudanganya. Mimi nilihitaji kupeleka risiti tu.

Nimepeleka ujumbe kwa 456 ya Safaricom kuomba ile pesa irudishwe, lakini ilikuwa imeshatolewa siku ile ile. Namba yake nimeiripoti kwa 333, ya Safaricom pia. Nimepiga na namba ya bure ya DCI, wapelelezi wa jinai, 0800 722 203.

Na hapa ndipo damu inaponichemka. Nimeambiwa sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, kwa kujifanya mtu mwingine, ni faini isiyozidi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Miaka mitatu kwa mtu anayekaa siku nzima akipigia akina mama wasio na kitu! Afungwe kumi. Alipe kila mtu aliyemwibia, shilingi kwa shilingi, na uso wake ubandikwe pale mlangoni Kongowea watu wamwone. Na huyo "mhasibu" naye akamatwe, asituambie alikuwa anakodisha laini tu. Anakula pamoja naye. Na wanaosajili laini kwa vitambulisho vya watu nao wafuatwe. Sitaki kusikia habari ya kusamehe. Nitasamehe akiwa ndani.

Mnaniuliza aliyajuaje majina yangu na deni langu. Juzi ndiyo nimekumbuka. Wiki moja kabla, nilijaza fomu kwenye tangazo la Facebook lililosema "angalia kama uko CRB". Nilijiandikia mwenyewe kila kitu, mpaka kiasi cha deni na kwamba nimeshalipa. Alinisomea maneno yangu mwenyewe. Na jina la Truecaller mtu yeyote anaweza kujiandikisha analotaka. Basi mkiona fomu kama hiyo ikimbieni, na namba za kuthibitisha msimsomee mtu, hata akiwa na sauti ya malaika. Pesa ikiingia huijui, usiitume popote kabla hujajua imetoka wapi.

Kuna kitu kimoja zaidi. Kile cheti, chini kabisa kwenye kona ya kushoto, kwa herufi ndogo sana, kimebaki na herufi za mtu mwingine: R.K.M. Hakufuta vizuri. Kwa hiyo kabla yangu kuna mtu aliyetengenezewa karatasi hii hii. Kama ni wewe, au unamjua, nitumie ujumbe leo. Sitakutaja kwa mtu. Jumatatu saa tatu asubuhi nakwenda kituoni kuandikisha taarifa, na nataka tuingie wawili.