Patchouli 24 ya Le Labo: moshi kwenye joto la Dar

Jina lisikupoteze, pachuli (jani lenye harufu ya udongo) humu ni ya kutafuta. Kinachotawala manukato haya ya kampuni ya Le Labo, kazi ya mtunzi wa manukato Annick Menardo (2006), ni lami ya magome ya betula, mti wa nchi za baridi: harufu ya ngozi iliyokaushwa motoni, na vanila chini yake. Aliyezoea chetezo cha udi atashtuka. Moshi huu ni mkavu, wa jikoni kuliko wa sebuleni.

Kwa joto la Dar puliza mara moja tu, kifuani, chini ya shati. Ukizidisha, abiria wenzako kwenye daladala watateseka. Mwanzo wake mkali unakaribia dawa. Usihukumu hapo, subiri vanila ipande. Kanzu nyeupe iepushe, huweza kupata doa. Mimi naisifu, hasa jioni za Julai.