Lugha ya kubuni: konsonanti tatu au viambishi?

Kijiweni kwetu Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, tupo wachache tunaobuni lugha kwa kujifurahisha, na ubishi ni ule ule: mzizi wa konsonanti tatu kama wa Kiarabu, au mzizi usioguswa wenye viambishi, yaani vipande vinavyobandikwa mbele au nyuma yake?

Kwa kuzalisha maneno, konsonanti zinatisha. Chukua k-t-b, badili irabu: kitabu, katibu, maktaba (hiyo imeongeza ma-, najua). Ukiwa na konsonanti 15 una mizizi 3,375, hutaimaliza. Ila -som- nayo haijalala: somo, msomi, msomaji, someshana.

Kujifunza, viambishi vinashinda. Kwenye Esperanto, lugha ya kubuni ya Zamenhof, 1887, irabu ya mwisho tu ndiyo hutenga nomino na kitenzi: parolo (usemi), paroli (kusema).

Utunzaji wa maneno ndipo nilipoungua. Daftari langu lilikuwa na mzizi wangu z-m-r: zamiri (mto), zimuru (kuvuka), zumra (daraja). Wiki sita baadaye sikumbuki kama irabu u-a za zumra zilikuwa za kifaa au za mahali. Na sisi tunaochanganya r na l, herufi moja ikiteleza umeharibu ukoo mzima. Waarabu wenyewe, qalb ni moyo, kalb ni mbwa!

Unaandika hadithi na unataka majina yenye udugu wa siri? Konsonanti. Unataka kupiga soga na mdogo wako kwenye daladala ya Marangu abiria wasielewe? Viambishi. Mimi sasa nachanganya vyote, na kijiwe kizima kinanicheka.