Difloki gani inafaa kwa pikapu ya kila siku hapa Dar? Nimezilinganisha ARB, ya Toyota yenyewe na zile za kujifunga zenyewe

Naanza na jibu kabisa. Kama pikapu yako ndo hiyo hiyo inakupeleka kazini Jumatatu mpaka Ijumaa na Jumamosi inakupeleka shamba, weka difloki (kifaa cha kufunga tairi mbili za ekseli moja zizunguke pamoja) ya kuwasha na kuzima mwenyewe kwa swichi, weka difu ya nyuma tu, na hela itakayobaki mpe fundi anayejua kupanga krauni na pinioni, zile gia mbili kuu za ndani ya difu. Ukiipata ya Toyota yenyewe ikiwa nzima chukua hiyo, ukiikosa nenda ARB. Hizi nyingine za kujifunga zenyewe ni imara sana, nitazisifia huko chini, ila sio kwa mtu anayeshinda kwenye foleni ya Bagamoyo Road.

Mimi natumia Hilux dabo kabini ya dizeli, gia za mkono, naishi Madale nafanya kazi Posta, shamba liko Rufiji ukipita Ikwiriri. Wanaopita huko masika wanajua, lami ikiisha unakutana na ule udongo mweusi wa mfinyanzi, mvua ikigusa kidogo tu tope linajaa kwenye kashata mpaka tairi inakuwa laini kabisa, hata uwe na tairi mpya bado unateleza. Halafu wikiendi nyingine unakuta uko Kigamboni kwenye mchanga, huko ni shida ya aina nyingine. Na katikati ya wiki gari hiyo hiyo inatakiwa ipaki kwenye kaupenyo Kariakoo. Kwahiyo nilikuwa natafuta kitu cha kufanya kazi zote hizo.

Kwanza tuelewane hapa maana watu wengi wanaamini ukiweka fo wili basi tairi nne zote zinavuta. Hapana aisee. Fo wili inaunganisha mbele na nyuma, lakini ndani ya kila ekseli bado kuna difu ya kawaida, na difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kulia na kushoto, yani tairi yenye mshiko haiwezi kupewa zaidi ya kile ambacho ile inayoteleza inaweza kupokea. Tairi moja ya nyuma ikiwa kwenye tope laini inazunguka bure na mwenzake aliyeko pakavu anakaa tu. Ongeza mbele nako moja iko hewani, umekwisha, una fo wili na haujongei hata hatua. Difloki inazifunga tairi mbili za ekseli moja zizunguke pamoja, hiyo ya pakavu inapata nguvu yake na gari inachomoka. Ndo maana mtu mwenye difloki ya nyuma peke yake anapita sehemu ambazo wenye fo wili ya kawaida wanasubiri trekta.

Sasa ARB. Hawa ni Waaustralia, kampuni imeanza 1975, na Air Locker yao imekaa sokoni miaka mingi sana, mpaka fundi wa kawaida anayehudumia magari ya safari anaijua. Inatumia hewa. Kuna kompresa ndogo ya volti 12, inasukuma hewa kupitia kahosi kembamba mpaka ndani ya difu, hewa inasukuma pistoni na gia ya pembeni inashikana na nyumba yake. Ukizima, hewa inatoka, springi zinairudisha, difu inakuwa ya kawaida kama ulivyonunua gari. Hapo ndo nilipoipendea. Mjini hauisikii kabisa, iwe raundi abauti, iwe unakata kona kali kutafuta paking, iwe mvua. Inajifunga haraka, unabonyeza na papo hapo imeshika, na kompresa hiyo hiyo unaweza kuchomeka hosi ukajaza tairi ukitoka mchangani, ndogo inachukua muda ila inajaza.

Ubaya wake ni hewa kuvuja. Ndani kuna sehemu ambayo bomba la hewa halizunguki lakini difu inazunguka, pale katikati kuna mipira ya oringi inayozuia, sasa fundi akiikata oringi wakati anapachika au akaweka na vumbi, hewa inavujia ndani ya difu. Dalili yake sikiliza kompresa. Ukiwasha loki, kompresa inatakiwa ijaze halafu inyamaze. Ikiwa inanyamaza kidogo inawaka tena, inanyamaza inawaka, kuna mahali panavuja, na ukiendelea hivyo hivyo utaanza kuona oili ya difu inatemwa kwenye briza, lile tundu la difu la kupumulia. Pia waambie wasipitishe hosi karibu na ekzosi, na kompresa ikae juu mbali na maji, maana sisi huku masika barabara zinageuka mito na chumvi ya bahari nayo ipo hewani muda wote.

Bei ndo inauma. ARB difu peke yake huko nje ni dola elfu moja na ushee, ongeza kompresa, ongeza usafiri na kodi, ongeza fundi, beringi na sili mpya. Ni hela ya kujipanga.

Difloki ya Toyota yenyewe inatumia mota ya umeme. Ipo kwenye baadhi ya Hilux, Prado, Land Cruiser 70, na zile Land Cruiser 80 ambazo zina swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi, nyuma kwanza halafu mbele na nyuma. Uimara wake sina la kusema, imetengenezwa na aliyetengeneza gari. Ila ni taratibu kidogo kuliko ya hewa, unawasha taa inapepesa mpaka meno yakutane ndo inatulia, kwahiyo unatembeza gari polepole, unacheza na usukani kidogo kushoto kulia, inaingia. Kwenye nyingi mpaka uwe kwenye fo wili lo ndo inakubali. Na ukiiwasha ABS inazimwa, kwenye Hilux nyingi za kisasa na ule msaada wa kukaba tairi inayoteleza nao unazimwa, mpaka wa mbele. Hiyo inawaudhi watu na mimi naona wana haki, kwasababu huo msaada wa mbele ulikuwa unasaidia kweli. Kingine ni kwamba mota inakaa nje kwenye ekseli, inakula tope na maji, usipoitumia muda mrefu inagandia kwa kutu. Iwashe kila mwezi hata kama hauna safari, tafuta sehemu ya vumbi nyoosha gari, washa, zima, basi.

Na kama una Hilux Revo au Prado mpya yenye huo mfumo wa kukaba tairi, kabla hujatoa hela jaribu kuutumia vizuri kwanza. Unakanyaga mafuta kwa utulivu bila kuachia, unauacha ufanye kazi, wengi wanaachia mafuta wakisikia ile kelele ya breki wanadhani gari inaharibika. Kwa njia za Goba na Mabwepande hiyo inatosha kabisa.

Za kujifunga zenyewe. Detroit Locker ya Eaton nimeiendesha kwenye Land Cruiser 70 ya jamaa yangu ambaye kazi yake ni porini. Hiyo haina waya wala hosi wala swichi, muda wote imefunga, inaachia tu pale tairi moja inapotaka kuzunguka haraka kuliko nyingine kwenye kona. Porini ni mashine haswa, inapita popote na hakuna kitu cha kuvuja. Mjini sasa, kila ukikata kona unasikia tak tak tak nyuma, mara inaachia kwa kishindo utadhani ekseli imekatika, abiria wanakuangalia. Ukikanyaga mafuta kwenye kona tairi zote mbili zinaweza kulazimishana mwendo mmoja, gari haitaki kupinda, na lami ikiwa na mvua mkia unahama. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi mnajua wenyewe lami ya Dar inavyokuwa na mafuta mafuta, mimi nisingempa mke wangu gari hiyo apeleke watoto shule. Tena inataka tairi za kulia na kushoto ziwe saizi moja, uchakavu mmoja na upepo mmoja, la sivyo inaanza kuvuta upande. Jamaa hajutii na mimi ningekuwa na kazi yake ningeweka hiyo hiyo.

Lokka na wenzake ni wazo hilo hilo kwa bei nafuu, unatoa spaida (zile gia ndogo za katikati ya difu) unaweka zile, krauni haiguswi, fundi makini anamaliza bila kupima tena meno. Nyuma kwa gari ya mjini sishauri, sababu ni zile zile. Lakini ukiwa na Land Cruiser 70 yenye ekseli nzima mbele na hab za kufunga kwa mkono (zile za kwenye tairi za mbele za kuunganisha tairi na shafti), ukiweka mbele ni akili sana, maana hab zikiwa wazi mjini difu ya mbele haifanyi kazi yoyote na hausikii chochote, siku ya tope unafunga hab unakuta una loki mbele. Ujue tu usukani utakuwa mzito. Kwa magari yenye sijoti mbele, vile viungo vya shafti vinavyopinda na tairi, nenda polepole, loki ya mbele na usukani umekunjwa mpaka mwisho ndo vinavyovunja sijoti.

Truetrac, difu nyingine inayojifanyia kazi yenyewe, sio loki kamili, ni gia tupu zinazosaidiana, hazina klachi za kuisha. Lami ya mvua na mchanga zinatulia kweli, ila tairi moja ikiwa hewani kabisa inakosa pa kuegemea na unatakiwa kukanyaga breki kidogo huku unatoa mafuta ili ishike. Kwa anayeishi Kigamboni na haendi kwenye mfinyanzi ningemwambia afikirie hii.

Na kuna wale wanaokuambia kaka tuchomee difu kwa hela kidogo. Usikubali. Difu iliyochomewa imefungwa milele, inakula tairi, inavunja shafti, na siku lami ina maji inaweza kukuua. Nalisema hili kwa herufi nzito.

Sasa soko la yusidi. Ukienda Ilala au Gerezani kutafuta ekseli yenye difloki ya Toyota, nunua ekseli nzima na mota yake, waya zake na swichi yake, usinunue lile yai la katikati peke yake kwasababu nyumba ya ekseli ya kawaida haipokei bila kukatwa na kuhamishwa bolti. Halafu hesabu meno. Mimi kuna duka waliniletea ekseli safi, wakaapa ni ya gari kama yangu, nikaomba wafungue, nikapaka chaki jino moja la krauni nikahesabu, 43, pinioni 10. Gari yangu ni 41 kwa 10. Ningeifunga ile, nyuma ingekuwa 4.3 na mbele 4.1, siku naingiza fo wili mbele na nyuma zinavutana mpaka giaboksi ndogo inapasuka. Muuzaji akaniambia hiyo tofauti ndogo haina shida. Ina shida kubwa sana! Nikaondoka.

Fundi naye mpime kwa maswali. Muulize atapima vipi nafasi kati ya krauni na pinioni. Akikuambia anasikilizia kwa mkono, mshukuru na uondoke. Anatakiwa awe na saa ya kupimia, ile difu ya inchi 8 ya Toyota inataka kati ya milimita 0.13 na 0.18, halafu apake rangi kwenye meno azungushe aone alama inakaa wapi, ikikaa pembeni anafungua tena. Difu iliyopangwa vibaya inalia kama kilio kirefu ukifika spidi 60 hivi na baada ya muda inajila yenyewe. Bora ARB kwa fundi anayepima hivyo kuliko kitu chochote kwa fundi wa kukisia.

Akimaliza usilipe kabla hujajaribu hivi. Weka mawe tairi za mbele, inua nyuma yote, egemeza kwenye stendi, gia fri, hendibreki chini. Loki ikiwa imezimwa zungusha tairi ya kulia kwa mkono, ya kushoto inatakiwa izunguke kinyume. Washa loki, zungusha tena, safari hii zote mbili ziende upande mmoja kwa pamoja bila kuachiana. Zima, irudi kinyume. Kama ni ARB iache imewashwa kwa muda usikilize kompresa kama nilivyosema.

Matumizi ni rahisi, washa kabla hujaingia kwenye tope, gari ikiwa imenyooka na tairi hazizunguki bure, ukitoka kwenye tope ukafika kwenye ardhi ngumu izime. Usikate nayo kona kwenye lami. Na ile oili ya kwanza imwage mapema, kilomita mia tano zinatosha, GL-5 ya 80W-90 ni sawa kwa ARB na ya Toyota. Ukivuta nati ya chini yenye sumaku ukakuta unga mweusi laini usiogope, hiyo ni meno yanazoeana. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, irudishe kwa fundi siku hiyo hiyo kabla hujaenda nayo popote.