Unga wa Protini Usio na Ladha Katika Mapishi ya Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Unga wa protini ya maziwa usiotiwa ladha wala utamu huuzwa zaidi kwa watu wanaojenga misuli, na maelekezo ya kwenye kopo huandikwa kwa kuwafikiria wao: chota kipimo kimoja, tikisa pamoja na glasi ya maji au maziwa, kisha unywe. Tathmini hii inautazama kwa upande wa mlaji mwingine kabisa, yaani mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito kama mimi, ambaye bado anatamani vyakula vinavyoliwaza moyo, kama vile supu nzito ya nyanya, viazi vya kupondwa, makaroni yenye jibini na kastadi ya moto, lakini hawezi tena kuvila kwa wingi wala kwa namna aliyoizoea. Kwa matumizi hayo nimeuona unga huu kuwa kiungo bora katika baadhi ya sufuria na kiungo cha kuepukwa katika nyingine, na kwenye makopo niliyoyatumia sikuona maelezo yoyote ya kumsaidia mpishi kutofautisha hali hizo mbili.

Ni lazima kwanza ieleweke chakula chepesi ni kipi kwa mlaji huyu, kwa sababu hapo ndipo mapishi mengi ya kupunguza uzito yanapokwenda kombo. Katika aina moja ya upasuaji, takriban robo tatu ya tumbo au zaidi huondolewa na kubakia mrija mwembamba. Katika aina nyingine, daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo, yenye ujazo wa mililita 30 hivi, na kuiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Kwa vyovyote vile, mlaji hubaki na nafasi ya vijiko vichache kwa mlo mmoja, huku wataalamu wa lishe wakimtaka kwa kawaida afikishe protini gramu 60 hadi 80 kwa siku ili asipoteze misuli pamoja na mafuta. Supu iliyozimuliwa kwa maji ili kalori zake zipungue ni nyepesi kwa hesabu ya mlaji wa kawaida, lakini kwa huyu wetu imejaza nafasi yote bila kumlisha. Chakula kinachomfaa ni kile kilichopunguzwa mafuta na sukari, kikabaki laini na chenye unyevu, na kikaongezewa protini bila kuongezewa ukubwa. Kwa kipimo hicho, unga unaobeba gramu 8 au 9 za protini katika kila gramu 10, kwa kalori zisizozidi 40 hivi, una sifa ambayo viungo vichache vya jikoni vinayo.

Nianze na supu, kwa kuwa ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Protini hii hupatikana kutokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa ili kutengeneza jibini, na joto linapokaribia nyuzi 70 za Selsiasi huanza kubadilika umbo na kushikana, kama ute wa yai unavyofanya unapomiminwa katika maji yanayochemka. Anayeumwaga unga ndani ya sufuria iliyo motoni atapata madonge meupe yanayoelea juu ya mchuzi, na hakuna kupekecha kutakakoyaondoa yakaisha kabisa. Thamani yake ya lishe haipotei, ila ulaini unaharibika, na katika wiki ambazo mgonjwa anaruhusiwa vyakula vilivyosagwa tu, ulaini ndio kila kitu. Njia inayofanya kazi ni kuukoroga unga kwanza katika maziwa baridi yasiyo na mafuta hadi uwe uji mwepesi usio na chembe, kuiepua supu na kuiacha ipoe hadi iweze kuguswa na ulimi bila kuunguza, kisha kuumimina uji huo kidogo kidogo huku ukipekecha. Supu ya nyanya iliyotengenezwa hivyo hutoka na uzito wa krimu bila krimu yenyewe, rangi yake hupauka kidogo, na ule ukali wa nyanya, ambao baadhi ya matumbo yaliyofanyiwa upasuaji huulalamikia, hupungua. Kasoro ni kwamba haiwezi kuchemshwa tena. Kila bakuli hutiwa unga wake wakati wa kuliwa, na kwa mtu anayepika sufuria moja ya kutumia siku kadhaa jambo hilo linachosha.

Viazi vya kupondwa ni habari ya furaha zaidi. Siagi ina kalori zaidi ya 700 katika gramu 100, na ladha ya viazi vya kupondwa ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa kweli ni ladha ya siagi, chumvi na mvuke. Nimegawa viazi nusu kwa nusu na koliflawa iliyochemshwa hadi ikaivia kabisa, ikachujwa na kukamuliwa maji kwa kitambaa safi, kisha nikaongeza mtindi mzito usio na mafuta, unga wa protini uliokwisha kukorogwa katika maziwa, na kijiko kimoja tu cha chai cha siagi juu, mahali ambapo ulimi unakutana nayo kwanza. Unga hapa unajificha vizuri kwa sababu wanga wa viazi unaushika na kuuzuia kufanya madonge, na joto la chakula kilichokwisha kuondolewa jikoni halitoshi kuuharibu. Tahadhari iko katika koliflawa wala si katika unga, kwani mboga hiyo huleta gesi, na tumbo jipya halina subira na gesi. Anayeanza aweke robo ya koliflawa kwa robo tatu za viazi, kisha aongeze taratibu kadiri tumbo linavyokubali.

Kwa makaroni yenye jibini siwezi kuusifu sana. Mchuzi wa jibini tayari una protini ya kutosha ukitengenezwa kwa jibini laini la chembechembe lililosagwa kwenye blenda, lenye protini takriban gramu 11 kwa kila gramu 100, likaongezwa jibini kali kidogo kwa ajili ya harufu. Nilipotia unga juu ya hayo, mchuzi ulinata kwenye meno na ladha ya maziwa ikafunika ladha ya jibini. Isitoshe, tatizo la chakula hiki halikuwa mchuzi tangu mwanzo. Makaroni yenyewe huvimba, hushikana, na wagonjwa wengi huona yanakwama, hivyo ni busara kuupunguza wanga huo na kuumwaga mchuzi juu ya vipande vidogo vya kuku aliyepikwa kwa mvuke au boga lililoiva, huku makaroni machache yakibaki kwa ajili ya nafsi.

Kastadi, kwa maoni yangu, peke yake inatosha kuhalalisha gharama ya kopo. Sukari ndiyo hatari kuu ya vitindamlo baada ya upasuaji, hasa ule wa kuunganisha tumbo na utumbo, kwa kuwa chakula chenye sukari nyingi hukimbilia utumbo mwembamba haraka mno na kuleta tumbo kukata, jasho, moyo kwenda mbio na kizunguzungu ndani ya dakika 10 hadi 30, na kwa baadhi ya watu sukari ya damu kushuka baada ya saa 1 hadi 3. Kastadi ya maziwa yasiyo na mafuta, viini vya mayai, vanila na kitamu kisicho sukari, ikipikwa kwa moto mdogo hadi iwe nzito, ikaachwa ipoe hadi iwe vuguvugu, ndipo ikapokea unga uliokorogwa, hubaki na ulaini uleule uliokusudiwa. Unga wenyewe una utamu hafifu wa maziwa, na hapa, tofauti na kwenye supu, uhafifu huo ni msaada. Bakuli dogo la kastadi hii lenye protini zaidi ya gramu 10 ni jambo ambalo mtu aliyezoea kuhesabu vijiko ataliheshimu.

Katika kuoka, nashauri kopo libaki kabatini. Pankeki na keki ambazo unga wa ngano umebadilishwa wote kwa unga wa protini hutoka kavu na zenye kurudi zinapobonyezwa, na chakula kikavu chenye kuvutika ni miongoni mwa vile ambavyo tumbo dogo hushindwa kuvishusha. Kubadilisha hadi robo ya ngano kunavumilika ikiwa mchanganyiko una mtindi au tunda lililopondwa la kuleta unyevu. Zaidi ya hapo ni hasara ya mayai. Ganda la kuku wa kuoka lililochanganywa unga huu nalo huungua kabla nyama haijaiva.

Inafaa kuulinganisha na wapinzani wake. Unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta ni wa bei nafuu na hustahimili joto vizuri zaidi, lakini protini yake ni kama theluthi moja tu na takriban nusu ya uzito wake ni laktosi, sukari ya maziwa ambayo baadhi ya watu huanza kuisumbukia baada ya upasuaji hata kama hawakuwa na shida nayo hapo awali. Kolajeni huyeyuka ndani ya mchuzi wa moto bila donge hata moja, na kwa urahisi wa mapishi inaushinda unga wa protini ya maziwa kwa mbali. Ila haina triptofani, mojawapo ya asidi amino (vijenzi vya protini) ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo haifai kutegemewa peke yake katika hesabu ya protini ya siku. Protini ya soya ni kamili, yaani ina asidi amino zote hizo, na inamfaa asiyetumia maziwa, lakini harufu yake ya maharage huonekana wazi katika kastadi, wakati ndani ya supu ya dengu haina kosa lolote. Mwenye mzio wa protini ya maziwa asiuguse unga ninaoujadili, na mwenye maradhi ya figo asiongeze protini ya aina yoyote kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kuna lawama moja ninayoiona nzito kuliko madonge. Vyakula laini vyenye kuteleza hushuka haraka, na tumbo dogo ambalo lingejaa kwa vipande vichache vya samaki linaweza kupokea bakuli la supu nzito, likapumzika kidogo, likapokea jingine. Unga huu unafanya vyakula vya namna hiyo viwe na lishe bora, lakini haubadilishi tabia yake ya kushuka. Katika wiki za kwanza, kabla chakula kigumu hakijaruhusiwa, hilo si tatizo, na hapo ndipo kopo linapostahili nafasi yake jikoni. Baadaye, mgonjwa akishafika kwenye chakula cha kawaida, jambo ambalo kwa wengi huchukua wiki 6 hadi 8 kwa kufuata ratiba ya kliniki yake, samaki, yai, kuku na kunde vinapaswa kutangulia kwenye sahani na unga ubaki wa kuziba pengo. Maelezo ya kwenye makopo huwa yanashauri kinyume chake, vipimo viwili au vitatu kila siku bila kikomo, na sioni sababu ya mtu mwenye tumbo la ukubwa huu kuyafuata. Hata kipimo kimoja cha gramu 30 ni kikubwa mno kwa bakuli moja dogo. Gramu 10, yaani kama theluthi yake, zinatosha, na zikizidi hapo chakula kinaanza kuwa na ladha ya chaki.

Anayetaka kununua asome orodha ya viambato kabla ya kusoma maneno makubwa ya mbele. Protini ya maziwa iliyosafishwa zaidi, yenye protini karibu asilimia 90, ina laktosi kidogo sana na ndiyo inayofaa kuanzia. Ile isiyosafishwa sana ni nafuu lakini inaweza kuwa na laktosi ya kutosha kuleta gesi na kuharisha. Maneno "bila ladha" hayana maana ya "bila utamu" kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo vitamu vitafutwe kwenye orodha hiyohiyo. Kwa kuwa ulimi wa mtu hubadilika sana baada ya upasuaji, na kitu kilichopendeza mwezi mmoja huweza kuchukiza mwezi unaofuata, pakiti ndogo za kutumia mara moja ni bora kuliko kopo la kilo 2, hata kama bei ya kila gramu ni ya juu zaidi. Pakiti hizo pia zina uzito uliopimwa, jambo linalopunguza kazi jikoni, kwani kijiko cha kuchotea kinachofichwa chini ya unga hupatikana baada ya nusu ya kopo kumwagika mezani.