Waliliita skrepa nilipodai, likawa mali nilipolitaka

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo: skrepa. Kijana wa dawati la madai, kwenye kampuni yangu ya bima, alilitamka kwa sauti, watu wanne wameketi kwenye benchi nyuma yangu wanasubiri zamu zao. "Mama, hilo gari lako sasa hivi ni skrepa tu. Hapo kampuni imekusaidia sana." Hakuinua uso. Macho kwenye kompyuta, chai pembeni, na mimi nimesimama mbele yake na kola ya hospitali shingoni.

Imenisaidia nini? Sikwenda pale kuomba sadaka. Nilikata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Gari liliandikwa thamani ya milioni 14, nikatozwa asilimia 3.5, yaani 490,000, ikaongezwa VAT ya asilimia 18, nikalipa 578,200 siku ileile. Bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga tu, ningelipa 118,000 nikaenda zangu. Ile tofauti niliitoa kwenye pesa ya vitambaa vya sare za shule, msimu ambao mafundi wote tunategemea, kwa sababu niliambiwa likitokea la kutokea sitabaki mikono mitupu.

Likatokea. Ilikuwa masika, jioni, natoka Mbezi naelekea Ubungo. Pale Kimara foleni imesimama kabisa. Lori la kokoto likaja kwa nyuma, likanisukuma mpaka nikaingia chini ya Fuso iliyokuwa mbele yangu. Langu lilikuwa Toyota IST, gari dogo, mnalijua. Siti ya nyuma anapokaa mwanangu kila asubuhi ilikuwa imekutana na ya mbele. Siku hiyo nilikuwa nimemwacha kwa bibi yake. Hapo huwa siendelei kusimulia, hata nyumbani.

Trafiki wa siku ile sina neno nao. Walipima, wakachora ramani ya ajali, dereva wa lori akakubali kosa, namba ya lori ikaingizwa kwenye simu na bima yake ikaonekana iko hai. Nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nikaenda kutibiwa. Gari likavutwa mpaka yadi waliyonielekeza watu wa bima wenyewe, na pesa ya kulivuta nikatoa mimi, eti nitarudishiwa nikileta risiti. Risiti niliipeleka. Nitarudi kwenye hiyo risiti.

Mkadiriaji wao alichukua kama wiki mbili kufika. Akasema chesisi imepinda, gharama ya kutengeneza inakaribia thamani ya gari, kwa hiyo linahesabiwa hasara kamili. Hilo sikubishana nalo, hata fundi wangu alipoliona alinyamaza tu. Nikajua sasa nitalipwa, nitafute jingine, maisha yaendelee.

Barua ikaja: thamani ya gari siku ya ajali ni milioni 10.5. Toa asilimia 10, ule mchango wa mwenye gari wanaouita eksesi, bakia 9,450,000. Nilisoma mara tatu nikitafuta ile milioni 14. Haikuwepo popote.

Ndipo nilipopanda daladala kwenda ofisini kwao, na ndipo nilipoambiwa habari ya skrepa. Nikamuuliza yule kijana, mbona mlipopokea pesa yangu mlikubali ni la milioni 14? Akanijibu kwamba ile ni thamani uliyoitaja wewe, sisi tunalipa bei ya soko ya siku ya ajali, na ikizidi uliyoitaja tunaishia kwenye uliyoitaja. Nimekuja kuuliza kwa watu wanaojua, na kweli ndivyo mkataba unavyosema. Kipengele kipo, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza. Ukiandika thamani kubwa kuliko soko, unalipia usichokipata. Ukiandika ndogo kuliko soko, wanakukata kwa uwiano hata kwenye dai dogo. Kwa hiyo aliyosema si uongo. Lakini ana kinywa cha kulieleza hilo kwa heshima, na hakukitumia. Na gari langu walilikagua wenyewe siku ya kukata bima, wakalipiga picha pande zote nne. Wangeniambia siku ile kwamba mama, hili ni la milioni 11 au 12, ningelipa kidogo na nisingewadai la ziada.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonivunja moyo kuliko yote. Nikamwambia, kama ni skrepa, niachieni skrepa yangu. Fundi wangu alishaniambia injini ni nzima, gia boksi nzima, milango miwili ya kulia haijaguswa, na spea za IST pale Ilala hazikai. Nikasema nipeni fedha yangu, na mabaki nibaki nayo. Akabofya bofya kompyuta, akasema, "Unaweza kubaki nayo, tunakata thamani ya mabaki, milioni 4.2." Milioni nne na laki mbili! Dakika kumi kabla yake ilikuwa skrepa ya kunionea huruma. Ningechukua mabaki, wangenipa 5,250,000 tu. Yaani nikidai, gari halina thamani. Nikilitaka, ni mali. Nilimwambia maneno hayohayo pale pale, na mama mmoja mwenye mtoto kwenye benchi akasema kwa sauti, "Haki yako dada." Nilikaribia kulia.

Nilitoka pale nimeapa kuandika kwamba bima kubwa ni wizi na mtu asikate. Nimeandika sentensi hiyo hapa mara mbili na nimeifuta mara mbili. Kwa sababu yupo dada aliyenikatia bima, wakala, ambaye siku za kwanza nilimtukana kwenye simu nikidhani ndiye aliyenidanganya na milioni 14. Dada yule hakukata simu. Alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye stuli ya wateja, akaniambia, "Dada yangu, usisaini hati yoyote ya kuridhia malipo. Ukishasaini umekubali hiyo hesabu, na kuirudisha nyuma ni kazi." Nilikuwa nimeshaishika kalamu siku hiyo. Karatasi ilikuwa mezani.

Yeye ndiye aliyenifundisha cha kufanya. Tulizunguka yadi za magari, tukaomba bei za IST za mwaka kama wa yangu kwa maandishi. Nikafanya hesabu ya kuagiza jingine: bei ya Japani, meli, bandari, na ushuru wa TRA ambao kwa gari kuukuu unapanda badala ya kushuka. Nikalipa mthamini wa kujitegemea, akaangalia picha, kilomita na risiti zangu zote za matengenezo, akaandika milioni 12.5. Nikaandika barua kwa meneja wa madai nikiambatanisha vyote, na mwisho nikasema nisipojibiwa nitalipeleka suala hili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo ipo kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, mlalamikaji halipi kitu, na wanataka kwanza uwe umeilalamikia kampuni kwa maandishi. Mimi sikujua kama ipo. Nimeishi mjini miaka yote hii, nimelipa bima miaka minne, hakuna aliyewahi kunitajia.

Barua ilijibiwa ndani ya siku chache. Watu waliokuwa hawapokei simu wakawa wananipigia wao. Wakakubali milioni 12.5, wakatoa eksesi yao 1,250,000, nikaingiziwa 11,250,000 benki, mabaki nikawaachia wao. Kwa hiyo niseme walilipa. Nasema kwa haki yao, walilipa, na pesa ile ndiyo imenipa gari ninaloendesha leo. Kama ningekuwa na bima ndogo ningekuwa bado nakimbizana na bima ya lori na mwenye lori, kwa kasi yao, bila usafiri. Jirani yangu aligongwa mwaka mmoja kabla yangu akiwa na bima ndogo, na gari lake bado limefunikwa turubai uani. Hapo nilishaanza hata kuwasifia kwa watu.

Kisha wiki chache baadaye nipo kwenye daladala, mataa ya Mwenge, nikaliona gari langu.

Si mfano wake. Ni lenyewe. Namba zangu, na ule mkwaruzo juu ya taa ya kulia ambao mwanangu aliufanya na baiskeli. Mbele pamepigwa rangi mpya, linatembea, kijana yuko kwenye usukani. Nilishuka mataa yaleyale bila kufika nilikokuwa nakwenda. Mwili mzima unatetemeka, na si kwa sababu ya kuliona tu. Chesisi ile walisema imepinda. Kuna mtu anapakia watoto wake mle.

Usiku ule nikaingia kwenye mfumo wa kuangalia madeni ya trafiki, nikaandika namba. Faini ya 30,000, mwendo kasi, tarehe ambayo mimi nilishakabidhi funguo na kadi ya gari kwa kampuni, na nina karatasi ya makabidhiano. Yaani wamechukua kadi, wamechukua gari, wameliuza kama mabaki, na umiliki hawajauhamisha. Kwa TRA lile gari bado ni la kwangu. Likimgonga mtu kesho, jina litakaloitwa ni langu.

Nilirudi ofisini kwao. Dawati lilelile, kijana yuleyule. Akasema kuhamisha umiliki ni kazi ya mnunuzi, mimi nisiwe na wasiwasi. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nina umri wa mama yako, niandikie hilo kwenye karatasi na usaini." Hakuandika. Nikakaa kwenye benchi lile mpaka saa tisa, nikasema siondoki. Meneja akashuka mwenyewe, mtu mpole, akaomba radhi, akampigia simu aliyenunua mabaki nikiwa nimesimama hapo. Umiliki ulihamishwa wiki iliyofuata na faini ikalipwa. Sijui nimshukuru meneja yule au nikasirike kwamba alikuwa ghorofani muda wote huo.

Mkiambiwa gari lenu ni hasara kamili, msikabidhi kadi kabla ya kusaini nao fomu za kuhamisha umiliki, na mbaki na nakala. Toeni vitu vyenu garini siku ileile. Mimi nilikuta redio, betri na tairi la akiba havipo, na kanga ya mama yangu iliyokuwa kwenye siti haikuonekana tena.

Kwao sikati tena. Bima kubwa nimekata, ndiyo, kwa kampuni nyingine, kupitia dada yuleyule, na safari hii tumeandika thamani baada ya mthamini kuliona gari. Ile risiti ya kulivuta gari hawajanirudishia, wanasema haikuwa ya kielektroniki. Na eksesi ya 1,250,000 naidai kwa bima ya lori, kwa sababu kosa halikuwa langu hata kidogo na dereva alilikubali mbele ya polisi. Wameniambia niende Jumanne na ripoti halisi, si nakala.