Miaka miwili na aironi za kufuliwa: nilichokilipia hasa ni ulaini wa chuma

Nacheza gofu Dar es Salaam, zaidi uwanja wa Lugalo, na handikapu yangu, namba inayopima kiwango cha mchezaji na ndogo ndiyo bora, ni 12. Kwa miaka kadhaa aironi yangu ya saba (aironi ni fimbo yenye kichwa cha chuma) ilikuwa inapeleka mpira kushoto. Haikuwa kila pigo, ila ilitosha kunifanya nilenge ukingo wa kulia wa grini, sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, na kusubiri mpira urudi wenyewe. Nililaumu mikono yangu. Nikalipia masomo, nikabadili namna ya kushika gripu, nikahamisha miguu. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye fimbo.

Naandika haya kwa ajili ya mtu anayetaka kutoa fedha nyingi kwa aironi na weji (fimbo za mapigo mafupi) za kufuliwa, kwa sababu swali ambalo kila mtu ananiuliza ni moja: je, ni kweli zina raha mkononi? Jibu lipo, nitalitoa, lakini si hilo lililonifanya nifurahie seti yangu.

Kwanza maana ya neno lenyewe. Nimekulia Marangu, na jirani zetu wa Mamba wana wahunzi mpaka leo. Ukienda utawakuta na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, makaa yanawaka, chuma chekundu kinapigwa nyundo mpaka kinakuwa ncha ya mkuki. Huko ndiko kufua. Fimbo ya gofu ya kufuliwa ni jambo lilelile kwa mashine kubwa: kipande cha chuma kinachemshwa mpaka kinawaka, kinagandamizwa kwa vishindo kati ya kalibu mbili, halafu kinakatwa, kinatobolewa shingo na kusuguliwa. Ya kusubu ni chuma kilichoyeyushwa kikawa uji, kikamiminwa kwenye kalibu kikagandia humo. Watengenezaji wa Kijapani Mizuno wanazifulia aironi zao Hiroshima, Miura wapo Himeji, na chuma chao ni kile chenye kaboni kidogo. Ukiona namba 1025 kwenye maelezo ya fimbo, ina maana kaboni ni kama asilimia 0.25 tu. Ni chuma laini, na ulaini huo ndio habari yangu yote.

Mwaka 2022 nilikuwa Nairobi kikazi, rafiki akanipeleka kwa fundi wa fimbo mwenye karakana ndogo kando ya uwanja wa mazoezi. Hakuniuliza nataka chapa gani. Alichukua kalamu nene ya ubaoni, akachora mstari kwenye mpira, akauweka chini mstari umesimama wima, umeelekea uso wa fimbo. “Piga kawaida yako, boss.” Nikapiga. Akaigeuza fimbo akanionyesha: wino umejichapa usoni, lakini haukusimama. Kichwa cha mstari kilikuwa kimelalia upande wa ncha, ule ulio mbali na mpini.

“Hii fimbo ni ya mtu mrefu kuliko wewe,” akasema. “Ncha iko juu, kisigino ndicho kinagusa ardhi, na uso unaangalia kushoto.”

Tukarudia mipira mitano. Wino ukalala kulekule. Nina futi 5 na inchi 5, na seti yangu nilikuwa nimeinunua kama ilivyotoka kiwandani. Hata vidongo vya nyasi nilivyokuwa nang'oa uwanjani vilikuwa na kina upande wa kisigino kuliko upande wa ncha, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuinama kuviangalia.

Nikamwomba aipinde. Akakataa. Seti ile ilikuwa ya chuma cha pua aina ya 17-4, kigumu, na akasema ukikilazimisha kinaweza kukatikia shingoni. Badala yake akachukua aironi ya saba ya Mizuno JPX 921 Tour, akaibana kwenye mashine yake, akaingiza nondo yenye mdomo shingoni mwa fimbo, akavuta mara moja, taratibu, kwa uzito wa mwili wake. Akasoma kipimo. Akavuta tena kidogo. Digrii 2. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Nikapiga mpira wenye mstari, na safari hii wino ulisimama kama mlingoti. Mpira ulinyooka kwenye bendera.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanazilipia hizi fimbo. Chuma laini kinakubali kuwekwa sawa na mwili wa mwenye nacho. Mtu mrefu, mfupi, mwenye mikono mirefu, anayesimama mbali na mpira, wote fundi anaweza kuwakalisha kwenye fimbo zao bila hofu ya kuzivunja.

Lakini sikuzinunua siku ile, na nilivyorudi Dar nikafanya kosa lililonigharimu. Duka moja la mtandaoni lilikuwa linauza seti “mpya” ya kufuliwa kwa nusu ya bei. Nikatuma fedha. Zilipofika, maandishi yalikuwa sawa, rangi sawa, kila kitu sawa kwa macho. Baada ya miezi miwili ya hewa ya bahari, nikeli ya juu ikaanza kuvimba na kubanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake kukawa na chuma cha kijivu chenye vitundu. Zilikuwa bandia. Duka halikujibu ujumbe hata mmoja. Tangu hapo nina masharti: nataka picha ya namba iliyochongwa shingoni, naipeleka kwa muuzaji rasmi wa chapa ile aithibitishe, na nazipima kwa mzani wa jikoni. Vichwa vya aironi hupishana uzito kwa mpangilio, kama gramu 7 kutoka fimbo hadi fimbo. Zile bandia zilikuwa zinarukaruka: ya nane nyepesi kuliko ya saba, ya tisa sawa na ya sita.

Seti halali niliipata baadaye kwa mwanachama mwenzangu aliyekuwa anahama nchi: JPX 921 Tour, tano hadi PW (weji inayokuja na seti), imetumika msimu mmoja, karibu shilingi milioni 2. Nikasafiri nayo Nairobi, ikapindwa yote.

Sasa kuhusu raha mkononi. Mwaka jana nilikaa reinji (uwanja wa mazoezi) jioni nzima na aironi zangu, pamoja na PING i230 za rafiki yangu, ambazo ni za kusubu kwa chuma cha pua cha 431. Nilikuwa nimeshaapa mbele ya watu kwamba naweza kuhisi tofauti viganjani. Kedi wangu, anayenibebea fimbo, akanipa pamba, nikaziba masikio yote mawili, nikawa napiga moja moja kwa zamu. Tofauti niliyoiapia ikayeyuka. Mpira uliopigwa katikati ulikuwa mtamu kwa fimbo zote mbili, na uliopigwa kwenye ncha uliuma kwa zote mbili. Nikatoa pamba, na ile Mizuno ikarudi kuwa “laini”: inatoa sauti nene, fupi, kama embe linalodondoka kwenye nyasi. Kwangu mimi raha ile iko masikioni. Bado naipenda, na sijutii kuilipia, ila mtu asikuambie kwamba mikono inasoma kaboni.

Tena, kichwa kidogo kama hiki kinataka mpira upigwe katikati. Pigo la nje ya katikati linapoteza yadi, na siku nikichoka naziona zikipotea. Ukiwa na handikapu ya 20 na kitu, kichwa kipana cha kusubu kitakusaidia zaidi, na utabakiwa na fedha za masomo. Nalisema hili bila kusita hata kama rafiki zangu wa gofu wanaona seti ya kufuliwa ni heshima. Halafu kuna fimbo zilizochongwa neno “forged” ambazo ni uso tu uliofuliwa, mwili una uwazi ndani. Si mbaya, baadhi ni nzuri sana kwa umbali, lakini uliza kabla ya kulipa ujue unanunua kitu gani.

Shafti, yaani mpini wa fimbo, nayo inasahaulika. Seti ilikuja na Dynamic Gold S300, yenye gramu 130 hivi. Kwa mashimo tisa ya kwanza nilijisikia simba. Kuanzia shimo la 13, katika joto la Februari, kichwa cha fimbo kilikuwa kinachelewa na mpira unakwenda kulia. Nikabadilisha kuweka Nippon Modus3 Tour 105, kama gramu 106. Tofauti ya gramu 24 inasikika ndogo ukiisoma, lakini mzidishie mtu anayetembea mashimo 18 kwenye unyevu wa Dar. Kati ya mabadiliko yote niliyofanya, baada ya kupinda, hili ndilo lililopunguza mapigo kwenye kadi yangu.

Kuna gharama moja ya ulaini. Chuma kinachopindika kwa fundi kinapindika pia kwa ardhi kavu na mikeka ya reinji. Baada ya mwaka mmoja hivi, aironi ya nane ikaanza kwenda mbali karibu sawa na ya saba. Kipimo kikaonyesha kuwa mwinamo wake, yaani pembe ya uso kulala nyuma, uliotakiwa kuwa digrii 38, umesogea mpaka 36. Ikarudishwa palepale. Sasa napima seti nzima kila mwaka, kama gari linavyopelekwa kufanyiwa usawa wa matairi.

Kwenye weji nilijifunza upya, kwa sababu nilianza na imani kwamba zikifuliwa aironi basi weji lazima zifuliwe pia. Nikanunua weji ya kufuliwa ya digrii 60, isiyopakwa chochote juu, chuma kitupu, soli (sehemu ya chini inayogusa ardhi) nyembamba. Nilipenda umbo lake kupita kiasi. Masika ilipoingia ikawa jembe. Ardhi ya pwani ikishiba maji, makali ya mbele yanazama nyuma ya mpira na fimbo inakwama hapo hapo. Kwenye banka zetu, yaani mashimo ya mchanga, ambazo mchanga wake ni laini, ilikuwa vilevile. Na kutu, jamani. Chuma kitupu kimetengenezwa kishike kutu, wapo wanaopenda rangi ile, lakini huku kwetu ukiacha fimbo imelala na unyevu usiku mmoja, asubuhi imeshakuwa ya chungwa. Kutu hiyo haikuniongezea mzunguko wa mpira kwa namna niliyoweza kuiona.

Kilichokosekana ni baunsi, yaani ile pembe inayofanya tumbo la soli litangulie kugusa ardhi kabla ya makali. Namba ndogo, 4 hadi 6, inafaa ardhi ngumu na mtu anayefagia mpira. Namba kubwa, 12 hadi 14, inafaa ardhi laini, mchanga mwingi, na mtu anayeshuka kwa ukali kama mimi. Nikaijaribu weji ya Vokey SM9 ya digrii 56 yenye baunsi 14 na soli pana isiyochongwa pembeni. Vokey ni za kusubu, si za kufuliwa, na wachezaji wengi wa kulipwa wanazitumia. Kwenye banka ya kwanza niliyoingia nayo, mchanga ulipasuka mbele, mpira ukapanda juu taratibu na kukaa futi nne kutoka shimoni. Nikabaki nimesimama mchangani naiangalia soli. Januari na Februari, ardhi ikikauka, ile 14 inataka kuruka juu ya ardhi, kwa hiyo pigo fupi la pembeni mwa grini nalipiga kwa 52 yenye baunsi 8. Ile ya 60 nimeiuza.

Mpangilio wangu sasa ni 46 ya PW, 52, 56. Kwa Dar zinanipa takriban yadi 118, 101 na 86, hakuna pengo la kunitesa. Kabla hujachagua weji, jua mwinamo wa PW yako. Seti nyingi za kisasa za umbali zina PW ya digrii 43 au 44, na ukiruka moja kwa moja mpaka 56 utabaki na pengo la zaidi ya yadi 30 katikati. Nikienda Nairobi, hewa nyepesi inaongeza yadi kama 10 kwenye aironi ya saba, na nyasi za kikuyu zinaishika shingoni fimbo ya kila mtu anayechezacheza kwenye majani marefu. Pale baunsi kubwa na mshiko imara vinanifaa.

Kuhusu kununua mtumba: aironi nunua bila woga zikishapimwa, weji nunua mpya. Tangu 2010 sheria za R&A na USGA, vyombo vinavyotunga sheria za gofu, zimepunguza ukali wa mifereji ya usoni, kwa hiyo weji za sasa hazina ukali wa akiba wa kuchezea. Pitisha ukucha kwenye mifereji. Ukiteleza bila kukwama, acha.

Utunzaji wa pwani ni dakika tano: maji yasiyo na chumvi, brashi laini, kitambaa kikavu, tone la mafuta ya cherehani shingoni, na begi halilali kwenye buti la gari. Nimefanya hivyo kila baada ya mchezo, na aironi zangu bado zinang'aa isipokuwa doa moja la ukubwa wa punje ya mchele kwenye kisigino cha ya tano, ambalo lilikuwepo nilipozinunua.