Multimita ya kawaida kwa gari la zamani linalochemsha betri: uzoefu wangu

Naizungumzia multimita ya kidijitali ya aina rahisi: kitasa cha kuzungusha katikati, matundu matatu ya waya chini, betri ndogo ya volti 9 mgongoni. Kwa kutafuta sababu ya betri kuchajiwa kupita kiasi, inatosha kabisa. Ila ina kasoro mbili, na moja inaweza kukulipulia betri usoni.

Kasoro hiyo ni tundu la ampea 10. Waya mwekundu ukibaki humo baada ya kupima ampea, mita inakuwa sawa na kipande cha waya mtupu. Ukigusa nayo vichwa viwili vya betri, cheche kubwa inaruka palepale, na betri inayochemka inatoa hidrojeni, gesi inayoweza kuwaka ikishafika asilimia 4 tu ya hewa. Mita nyingi za bei ya chini hazina hata fyuzi kwenye tundu hilo. Mimi hutazama waya umechomekwa wapi kila mara kabla ya kugusa betri, hata kama niliutazama dakika moja iliyopita.

Kasoro ya pili ni kusema uongo. Betri ya volti 9 ikichoka, mita nyingi za aina hii husoma juu kuliko ukweli. Gari linachaji volti 14.2, kioo kinakuonyesha 15 na zaidi, nawe unakimbilia kununua regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji. Weka betri mpya kwenye mita kwanza, kisha pima betri nyingine nzima ya gari ya volti 12, iliyojaa na kupumzika. Ukiona 12.6 au 12.7, endelea.

Vaa miwani ya kinga na glavu, vua pete, fungua milango ya gereji. Kama betri ina harufu ya mayai viza, imevimba au ina joto kali, zima injini na usiiguse mpaka ipoe na gesi itawanyike. Vibanio vya mita vifungwe injini ikiwa imezimwa, kwenye nguzo zenyewe za risasi wala si kwenye klempu, maana kutu iliyo kati yake inabadilisha namba. Washa, panda hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Gari la volti 12 linatakiwa kusoma kati ya 13.8 na 14.5, na baridi ikiwa kali linaweza kuzidi kidogo. Likipita 15, zima.

Hapo ndipo mita hii inapolipa gharama yake. Angalia namba inavyotembea. Ikipanda kila unapokanyaga mafuta, regyuleta haidhibiti kitu: pointi zake zimegandana, au waya wa fildi (unaolisha sumaku ya altaneta au dinamo) umegusa mahali usipopaswa. Lakini ikitulia, tuseme 15.1, hata ukikanyaga mafuta, regyuleta inafanya kazi. Huenda imerekebishwa juu mno, ila mara nyingi inadanganywa.

Kuipata hitilafu hiyo, weka kitasa kwenye volti 2 za DC, injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa zimewashwa. Waya mweusi kwenye nguzo hasi ya betri, mwekundu kwenye bati la regyuleta. Ikizidi 0.2, ethi (muunganisho wa umeme kupitia bodi la gari) ni mbovu: rangi au kutu chini ya boliti. Kisha pima kati ya nguzo chanya na ule waya unaoipa regyuleta habari ya volti, ambao kwenye magari mengi hupitia swichi ya ufunguo. Swichi iliyoungua ndani hula volti. Ethi ikipoteza 0.5 na swichi 0.4, regyuleta iliyopangwa 14.2 inapeleka 15.1 kwenye betri. Ukiibadilisha, hiyo mpya nayo itachemsha vilevile. Brashi ya waya na boliti safi ndiyo tiba.

Magari ya volti 6 gawanya namba zote za volti kwa mbili. Yenye ethi chanya, kama MGB za kabla ya mwisho wa 1967, badilisha nguzo unazogusa na waya za mita. Ukikosea, kioo kinaonyesha tu alama ya kutoa. Kwa dinamo, jenereta ya magari ya kabla ya altaneta, fuata kitabu cha gari husika, kwa sababu vingi hutoa kipimo cha regyuleta betri ikiwa imetengwa, na namba hiyo huwa juu kuliko ya kawaida.

Usichomoe waya wa betri injini ikiwaka ili kujaribu altaneta. Volti hupaa ghafla na kuua daiodi. Ukitaka kuitoa betri, zima, anza na waya wa ethi, na uurudishe wa mwisho.

Kuna jambo ambalo mita haikuonyeshi wakati wa kuchaji: seli moja iliyoshoti. Chaji inasoma sawa, lakini seli nyingine zinatokota kupita kiasi. Hapo hidromita, kipimo cha uzito wa asidi ya betri, ndiyo inayosema kweli. Seli zilizojaa husoma kama 1.265 hadi 1.280, na moja ikiachana na wenzake kwa 0.050, betri yenyewe ndiyo mbovu.

Namba zikirukaruka, sogeza waya za mita mbali na nyaya za plagi. Kama unanunua sasa, chagua yenye kuhifadhi kipimo cha juu kabisa. Inakuepusha kuinamia betri injini ikiwaka.